Mzee Mkude na njia ya kuazima: jinsi mitambo ya faiba ya Uluguru ilivyonusurika kung'olewa Morogoro

Wakuu, poleni na mihangaiko ya kutwa.

Nina kisa nimekaa nacho muda mrefu, leo kimeniwasha mpaka nimeona nikishushe hapa. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Majina tu ndiyo nimebadili, maana mhusika mmoja yumo humu jukwaani na akijitambua atanisumbua.

Ilikuwa miaka ile soko la simu limeshafunguliwa. Kila kampuni binafsi inachimba mtaro wake na kusimika nguzo zake, barabara zimekuwa makovu matupu. Mimi nilikuwa injinia wa kampuni moja ndogo pale Morogoro mjini. Mwanamke peke yangu kwenye timu, na mbishi kweli kweli.

Kazi yetu ilikuwa faiba. Kwa wasioijua: ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Ndani ya uzi mmoja unaweza kupitisha mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, na kila rangi ikabeba mteja wake. Benki rangi yake, chuo rangi yake, hospitali rangi yake.

Bado nikiliwaza hilo nasisimka. Nisameheni.

Mtandao wetu ulikuwa mduara. Mkono mmoja unatoka mjini, unafuata barabara ya Dar hadi Kingolwira, halafu unageuka na kupanda Uluguru kwa nyuma. Mkono wa pili unapanda mlima moja kwa moja kutoka mjini. Yote miwili inakutana huko juu kwenye hospitali moja ya misheni. Ule wa Kingolwira ndio mafundi waliuita njia ya nyumbani.

Zamani mkono mmoja ukikatika, mtu ndiye anayehamisha rangi. Fundi anachomoa waya huku na kuchomeka kule, mwenzake anapanda mlimani na gari kufanya hivyo hivyo upande wa pili. Mvua zikianza, barabara ile ni utelezi mwanzo mwisho. Hospitali inaweza kukaa siku nzima bila mtandao.

Na hospitali yenyewe haikuwa na bingwa wa kusoma eksirei. Picha zinatumwa mjini, daktari anazisoma, anajibu. Mtandao ukikata, mgonjwa anapakiwa kwenye gari la misheni na kuteremshwa mlima mzima na mfupa wake uliovunjika. Sista wa chumba cha eksirei ndiye aliyekuwa akinipigia.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Picha zimegoma tena."

Nilikuwa nikiona tu namba yake, najua kuna mgonjwa wa kuteremshwa mlima.

Ndiyo maana nilimganda bosi wetu wa Dar mpaka akakubali tufunge mitambo mipya. Mitambo ile unaiamuru kwa laptop, inahamisha rangi kwa vioo vidogo vilivyomo ndani, hakuna wa kugusa waya. Juu yake nikaandika programu ya kuisimamia. Mwanga wa mkono mmoja ukianza kufifia, programu inaandaa kwanza njia upande wa pili, halafu ndiyo inaihamishia rangi huko. Mkono ukipona, inairudisha vivyo hivyo. Mteja hajui kitu. Siku tuliyoiwasha nilizunguka ofisi nzima nikiwashika watu mikono utadhani nimeolewa.

Furaha haikukaa.

Kila jioni tunapokaribia kufunga ofisi, mtandao ukawa unazimika. Dakika chache tu kisha unarudi, lakini picha ya eksirei iliyokuwa njiani inapotea na kuanza upya. Sista anapiga. Benki wanapiga. Bosi anapiga.

Nikaichambua programu mstari kwa mstari. Kitu pekee nilichoona ni kwamba mchana rangi zinahamia mkono wa mlimani, eti mwanga wa Kingolwira umefifia. Asubuhi nikipima, Kingolwira mwanga mzuri kabisa na rangi zimesharudi kule. Nikajua programu yangu imechanganyikiwa, inaruka huku na huku kama panzi.

(Mtauliza kwa nini sikuangalia nani kaingia kwenye mitambo. Wakuu, ofisi nzima tulikuwa tunaingia kwa jina moja na password moja. Msinicheke, na nyie mnafanya hivyo hivyo makazini kwenu.)

Bosi akachoka. Akaniambia kwenye simu, kwa upole ule unaotisha, "Ijumaa nakuja. Nikikuta hali ni hiyo, nang'oa mitambo naipeleka mkoa mwingine. Nyie mtarudi kwenye kuchomoa na kuchomeka."

Niliumia. Nilimuona yule mgonjwa akiteremshwa mlima.

Alhamisi jioni nikaamua kukaa ndani ya chumba cha mitambo niishuhudie ikizimika kwa macho yangu. Nikajibanza na kiti nyuma ya kabati. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Mkude.

Huyu alikuwa fundi wetu mkuu, Mluguru wa upande wa Mgeta. Kabla ya kuja kwetu alilitumikia shirika la simu la zamani, enzi za waya wa shaba. Akavaa miwani, akakaa mbele ya laptop, akaanza kubofya taratibu. Taa za mitambo zikazimika. Baadaye zikawaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umo?"

"Unafanya nini hapo?"

"Nairudisha nyumbani." Alisema kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Kila siku naikuta imehamia mkono wa mlimani. Sasa mtu utatokaje kazini umeacha mzigo kwenye njia ya kuazima?"

Nikakaa chini sakafuni.

Akanieleza. Kwenye shirika lao laini zilikuwa chache. Yako ikikatika, unaomba kituo cha jirani wakuazime, na jirani naye anabaki amebanwa. Kwa hiyo ilikuwa mwiko kufunga kazi kabla hujairudisha. Fundi aliyelaza mzigo kwenye laini ya mwenzake alisemwa kituo hadi kituo. Shirika lilikuwa limebadilika, kampuni zimejaa, waya wa shaba umekuwa kioo, lakini adabu ile alikuwa nayo bado. Na alivyokuwa anairudisha ni kwa mtindo wa zamani: anakata kwanza, ndipo anaunga.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Halafu kicheko kikakatika, maana wazo moja lilitujia wote wawili kwa wakati mmoja. Kama programu haina kosa, basi mchana mwanga wa Kingolwira unafifia kweli.

"Huko kuna kitu," Mzee Mkude akasema. "Kesho tukakitafute."

Ijumaa asubuhi tukaondoka mapema, bosi naye yuko njiani anatoka Dar. Tukaufuata waya nguzo kwa nguzo. Mbele kidogo ya stesheni ya Kingolwira tukakikuta. Waya ulikuwa umelegea, watu wakauvuta pembeni na kuufunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya uzio. Pale penye kamba umekunjika vibaya, kama mpira wa kumwagilia bustani ukiukanyaga. Jua likipanda unalegea na kukunjika zaidi, mwanga unavuja. Asubuhi kukiwa na ubaridi unajivuta, mwanga unarudi.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia jirani akatuambia, "Tuliufunga sisi. Ulikuwa unagusa matrela ya mahindi, tukaona tuwasaidie."

"Ahsante sana mama," Mzee Mkude akasema, na alimaanisha.

Kipande kile kilikuwa cha kukata na kuunga upya. Na kwa kuwa mzee alishazirudisha nyumbani jana jioni, rangi zote, ya hospitali ikiwemo, zilikuwa zinapita humo humo. Ndipo bosi akapiga. Kafika ofisini, kakaa mbele ya laptop yangu. Nikamweleza. Akasema tusiguse, tuombe ruhusa, tutangazie wateja.

"Bosi, mitambo hii tuliifunga kwa ajili ya siku kama ya leo. Mruhusu mzee aukunje taratibu mpaka mwanga ufifie na rangi zihame zenyewe kabla hajakata, wewe tazama hapo."

Akajibu, "Ikizimika, naondoka nayo leo."

Mzee Mkude alikuwa juu ya ngazi. Akaushika waya kwa vidole vyake vinene, akaanza kuukunja polepole. Yeye ambaye maisha yake yote alikuwa anaitoa mizigo kwenye njia za kuazima, leo alikuwa anaipeleka huko.

"Mwanga unashuka," bosi akasema sikioni mwangu. "Unashuka... Imehama. Injinia, imehama yenyewe. Hakuna kilichozimika."

Nikainua dole gumba. Mzee akachukua mkasi akakata.

Tukasubiri simu zianze kulia. Hazikulia. Mzee akateremka, akaichukua simu yangu akaigeuza geuza. "Hii ina chaji?"

Sikuvumilia, nikampigia Sista mwenyewe. "Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mtandao vipi?"

"Milele amina. Mwanangu, niache kwanza. Nina mtoto hapa mezani na daktari wa mjini anaisoma picha yake sasa hivi." Akanikatia.

Wakuu, sijawahi kufurahi kukatiwa simu namna ile. Nililia pale pale kando ya reli, Mzee Mkude akanipa leso yake yenye vumbi.

Mitambo haikung'olewa. Jioni tukiwa ofisini Mzee akasimama mbele ya laptop, mkono umeshanyooka. "Na leo tunaondoka ikiwa hivi?"

"Fundi tuliyemwacha Kingolwira anamalizia kuunga. Ikipona, itarudi yenyewe."

Akaitazama kidogo, akaifunga laptop, akachukua mkoba wake akaondoka.

Nilichojifunza: ukileta mtambo unaofanya kazi ya mtu, usimfundishe tu vitufe. Kaa naye, umuulize alikuwa anailinda nini kwa mikono yake, halafu umuonyeshe kwamba na mtambo unakilinda.

Haya, mnaofanya kazi na mifumo inayojiendesha, kwenu nani anairudisha nyumbani kila jioni? Shusheni visa, nasoma vyote.

Nimesahau kimoja. Jioni ile ile Mzee alinipigia akiwa kwake.

"Imerudi?"

"Imerudi, mzee."

"Haya. Sasa na mimi nimefika nyumbani."