Kamba ya Bembea

Nimenunua kamba ya katani dukani, na harufu yake ya mafuta na majani makavu imenirudisha Kimamba, kwenye bembea ya sikukuu ya Sabasaba.

Wafanyakazi wa shamba la mkonge waliitengeneza wenyewe. Viti vya mbao vilizunguka nguzo, na kila mtoto aliyekaa alifungwa kamba tumboni, kitanzi chake kikapachikwa kwenye msumari. Kamba zote zilikuwa na urefu mmoja. Ya dada yangu haikufika.

"Kupe huyo!" kijana mmoja alipiga kelele. "Amenyonya jasho la kijiji kizima!"

Watu wakacheka. Mama naye alicheka, kwa sababu siku zile majirani walikuwa wakimsifu kwamba binti yake amenawiri. Dada alibana tumbo.

"Vuta tena, kaka, itafika."

Mwendesha bembea alivuta, akashindwa, akamshika mikono na kumshusha. Alipomwachia, alama za vidole vyake zilibaki kwenye nyama kama kwenye unga uliokandwa. Vishimo havikujaa. Mama akaacha kucheka. Akainama, akabonyeza mguu wa dada kwa kidole gumba, akabonyeza tena.

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Mwakani nitakuwa nimepungua," dada aliniambia njiani, akigeuka kutazama kiti chake kikizunguka kitupu.

Uvimbe ule haukumwacha azione mvua za vuli.

Kamba bado iko mezani. Nimebonyeza mguu wangu na kusubiri nyama irudi. Imerudi. Sasa nabonyeza mguu wa pili.