Sauti ya Bibi Haikukaa Kwenye Gitaa

Nilianza na kinanda cha parokia yetu kule Mwika. Nilikuwa nasoma solfa upesi kuliko gazeti, na baba alishaamini nitazeekea pale, kando ya altare. Lakini vidole vyangu havikutulia. Kati ya beti nilikuwa nachomeka vijinoti vyangu, na waimbaji wakikosa pa kuingilia.

"Binti, hizo umezitoa wapi?" mwalimu wa kwaya aliniuliza siku moja baada ya misa.

"Zimekuja tu, mwalimu."

"Basi zirudi zilikotoka."

Nilishuka Moshi mjini. Pale Pasua nikampata fundi wa kuchomelea mageti ambaye Jumamosi hupiga gitaa kwenye bendi ya harusi. Alinifundisha bila haraka, mikono yake ikinuka chuma, nami nikayameza yote: anavyoanza, anavyokata, hata anavyochelewesha noti ya mwisho. Kwenye sherehe moja alitoka kwenda kula, akaniachia gitaa. Aliporudi alikuwa anacheka.

"Nimesimama nje na sahani nikajisikia mwenyewe napiga," alisema. "Sasa umeiva."

Alinipongeza kwa moyo mweupe. Mimi chakula kilinishinda. Kama nilikuwa yeye, mimi nilikuwa wapi?

Wiki iliyofuata nilipanda na gitaa langu kwa bibi, mama yake baba. Nilimkuta uani anamenya ndizi za kupika mtori, huku anaimba wimbo wa Kichagga wa kupalilia. Nikakaa kwenye kigoda, nikajaribu kumfuata. Sauti yake ilipita katikati ya noti mbili, mahali ambapo gitaa halina kitu. Nikijaribu ya juu, nimemzidi. Ya chini, nimemkosa.

"Hicho chombo chako kinabishana na mimi," alisema bila kuinua macho.

"Rudia, bibi."

"Nirudie mara ngapi? Mtori unanisubiri."

Akarudia hata hivyo. Nikalegeza uzi mmoja kidogo, halafu mwingine, hadi gitaa zima likawa bovu kwa masikio ya mtu yeyote wa bendi. Ndipo nikampata. Bibi aliacha kumenya, kisu mkononi, akaimba ubeti mzima nami nikiwa kando yake. Nikataka kukimbia na sauti ile kabla haijapotea.

Niliporudi Pasua fundi alisikiliza akikunja uso. "Nyuzi zimelegea hizo."

"Nimezilegeza mwenyewe, mwalimu."

"Piga tena."

Akachukua gitaa lake aingie, akatafuta, akatafuta, akaliweka chini. "Hapo siwezi kukusaidia," alisema. "Lakini Jumamosi utalipiga hilo hilo."

Nililipiga. Vijana wengi waliacha kucheza wakarudi kwenye viti, na bwana harusi akamtuma mtu kuuliza kama spika zimeharibika. Mama mmoja mtu mzima, wa upande wa bibi harusi, akainuka peke yake, akacheza taratibu hadi mwisho akiwa amefumba macho.

Fundi bado ananiita kila Jumamosi, na wimbo mmoja ni wangu, ule wa bibi. Hata hivyo sijatulia. Kila nikidhani nimeupata, kesho yake nausikia umekaa vibaya, nashika tena vifungo vya kukazia nyuzi na kuanza kuzilegeza.