Ncha za Mawe Nyuma ya Bucha

Baba mkubwa wangu ni fundi viatu, na hasira zake ziko karibu kama sindano yake. Ukimpelekea kiatu kilichochanika ukamwambia, "Kishikize tu, nakivaa jioni," atakurudishia papo hapo. Yeye hashoni cha jioni. Uzi wake huupitisha mara mbili, huupaka nta, huuvuta mpaka vidole vinabadilika rangi, kisha hurudia juu yake. Nimevaa viatu vilivyopita mikononi mwake: soli iliisha, kisigino kikaisha, mshono ukabaki.

Siku hizi watu wananunua viatu vya plastiki, vikikatika, jalalani. Meza yake ya barazani ikawa na vumbi kuliko viatu. Nilikuwa namkuta ameketi, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kumsubiri mwenye nyumba.

Kilichompa kazi mpya ni kibao. Siku moja nilimpeleka kwenye makumbusho madogo ya mji wetu, chumba kimoja chenye makabati ya kioo. Katika kabati mojawapo zilipangwa ncha za mishale za mawe, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba, zimechongwa pande zote mbili. Chini yake, kwenye kibao, waliandika kwamba ncha hizo ni ndogo mno kuweza kuua mnyama. Huenda zilikuwa za ndege, au michezo ya watoto.

"Michezo?" alisema Baba mkubwa kwa sauti, mpaka mlinzi akageuka. "Mtu akae kutwa nzima achonge jiwe liwe hivi, halafu iwe michezo?"

Niliwaka pamoja naye. Chuoni nimeisikia sana hadithi hii, kwamba waliotutangulia walikuwa wakibahatisha tu, wakishika jiwe kwa kukosa akili ya kushika kingine. Naikataa. Mwenye njaa hafanyii mchezo silaha yake. Watu walioishi kwa upinde vizazi na vizazi waliujua kuliko sisi tunaowaandikia vibao. Nilihutubia hivyo njia nzima. Yeye alikuwa anatazama mawe ya kando ya barabara.

Akaanza. Dereva wa lori la kokoto alimletea jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Akajifunza kulivunja, kisha kuubana ukingo wake kwa mfupa uliochongoka mpaka vibanzi vyembamba vikaruka, ncha ikajitokeza. Alichonga upinde, akachonga na mishale. Mikono ikarudi kazini, na yeye akarudi kucheka. Tatizo ni kwamba alifanyia kazi hiyo sebuleni, penye dirisha lenye mwanga, na vibanzi vile hukata kama wembe. Mkewe, Mama mkubwa, alikanyaga kimoja akiwa amebeba sufuria la maji ya moto.

"Mimi niliolewa na fundi viatu," alimwambia huku akijifunga kitambaa kisiginoni. "Huyu mwindaji wa sebuleni simjui. Nenda kajaribu mishale yako buchani kwa kaka yangu, mbele ya macho yangu. Ikiingia, nitanyamaza. Isipoingia, mawe yote yatoke katika nyumba hii, na yasirudi."

"Sawa," alisema Baba mkubwa kwa sauti kubwa. Lakini aliponisindikiza mlangoni aliniuliza polepole, "Akiyatoa, mimi nitashika nini?"

Kaka yake Mama mkubwa ana bucha. Uani kwake alitutundikia ubavu wa ng'ombe, ngozi yake akiiacha makusudi, na nyuma yake tukaegemeza gunia la pumba zilizoloweshwa badala ya mapafu.

"Shemeji," alisema mwenye bucha akifuta kisu, "huyu keshakufa. Usije ukajisifu umemuua wewe."

"Funga mdomo, ushikilie gunia."

"Nishikilie gunia? Ngoja kwanza nikawaage wanangu!"

Baba mkubwa alisimama upande wa pili wa ua, akavuta. Mshale ukapiga ngozi, ukaning'inia kidogo kama mtu anayefikiri, ukaanguka. Wa pili vilevile. Wa tatu haukuning'inia hata kidogo.

"Nzi angemkera zaidi!" Mwenye bucha alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Shemeji, rudi kwenye soli."

 Baba mkubwa alianza kuuviringishia upinde gunia alilokuja nalo, taratibu, kama mtu anayefunika maiti. 

Mama mkubwa, ambaye alikuja pale kumshuhudia mumewe akishindwa, alichechemea mpaka kwenye mishale, akaokota mmoja. Akaugeuza. Akaupeleka penye mwanga.

"Jiwe limeingia," alisema.

"Nini?"

"Limeingia, tazama mwenyewe. Damu imefika hapa kwenye uzi, ikaishia hapo. Na manyoya yamenasa hapahapa." Akamsogezea usoni. "Wewe mwanamume, umeshona kiatu! Jiwe limefungua mlango wa paka, nawe unataka kupitisha ng'ombe."

Ilikuwa kweli. Pale ncha ilipofungwa kwenye mti wa mshale, alikuwa amepitisha uzi mara mbili, akaupaka nta, akarudia juu yake, mpaka pakawa na nundu pana kuliko jiwe lenyewe.

"Nisipokaza litalegea," alijitetea.

"Lilegee! Ng'ombe atakurudishia dukani?"

Mwenye bucha alicheka tena, lakini Baba mkubwa hakumsikia. Alikaa juu ya kreti, akaomba kisu. Sijawahi kumwona akikata mshono wake mwenyewe ukiwa mzima. Alikata kwa kusitasita, uzi kwa uzi, akipumua kwa pua. Akauchonga mti uwe mwembamba mbele, akaupasua kidogo, akachomeka jiwe, akalizungushia uzi mmoja tu na kuulaza bapa.

Mshale uliofuata uligonga mfupa wa ubavu, tukasikia jiwe likipasuka. Mwenye bucha alifungua mdomo acheke, akaufunga: mshale ulikuwa umenasa pale pale, haukuanguka. Mwingine ukapita katikati ya mbavu, ukavuka ngozi na nyama, ukazama gunini mpaka nusu yake.

Mwenye bucha aliuchomoa ule ulionasa mfupani, akatia kidole kwenye tundu lake kutafuta jiwe lililovunjika. "Aa!" Akakitoa kinavuja damu. "Limevunjika na bado linakata!"

Najua, ubavu uliotundikwa haukimbii, na alasiri moja ya ua wa bucha haimalizi ubishi wa wasomi. Lakini kibao kilisema haiwezekani, nami niliona ikiwezekana. Ncha ile haikuhitaji ukubwa. Ilihitaji ukali, na mshale mwembamba wa kuifuata ndani. Waliozichonga walijua, na tumewaita watoto wanaocheza.

Nilikuwa nikiyasema haya yote kwa sauti, na hakuna aliyenisikiliza. Baba mkubwa hakuwa akiutazama ubavu. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Nilisema nitanyamaza," alisema Mama mkubwa. "Basi nimenyamaza. Ila kazi hiyo ni barazani, juu ya turubai, na unafagia mwenyewe."

"Nitafagia."

"Na nyama yangu je?" aliuliza mwenye bucha, kidole mdomoni. "Nani atanunua nyama yenye mawe?"

 Mama mkubwa alikuwa amevuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu na kreti. Akachukua mshale mmojawapo wa ile iliyoanguka, akaushika sawasawa kwa mikono miwili ili mumewe apate kuufunga upya.

"Usikaze," alimwambia. "Mzee, nimesema usikaze."