Kunguni Kwenye Sanduku la Bikira

Walburga alilinunua lile kochi kwa ajili ya Oktoba. Mwezi huo wa rozari, jumuiya yao ya kanisa hapo kijijini Mapera husali nyumba hadi nyumba, na alikuwa amechoka kuwakalisha watu kwenye mikeka. Akasikia kuna nyumba ya wageni kule Mbamba Bay inauza vitu vyake vya zamani. Kochi likapanda milima juu ya basi dogo, limefungwa kamba, na kunguni wamo ndani yake.

Kahawa ilikuwa bado vichanjani alipowagundua. Eliza, binti yake, aliamka na vipele mkononi vimejipanga mstari kama vimeshonwa. Tangu hapo Walburga akawa anamwaga maji ya moto kwenye chaga za kitanda, na godoro analiburura nyuma ya nyumba, katikati ya mibuni, pasipoonekana kutoka njiani. Aliyeuliza aliambiwa mtoto kamwaga chai. Kochi alilitupia turubai nyuma ya jiko. Kunguni hawakupungua, walikwisha kuhamia kwenye nyufa za kuta.

Angemwambia nani? Tangu utotoni alisikia kunguni ni wa watu wachafu, na yeye ndiye anayefua na kupiga pasi vitambaa vya altare pale parokiani. Zamu ya rozari nayo haikataliwi. Ukiikataa, watu watauliza umegombana na nani.

Basi wakaja, wakasali wamekalia mabenchi ya kuazima, wakamwachia sanamu ya Bikira ilale kwake kama desturi. Sanamu hiyo hukaa ndani ya sanduku dogo la mbao lenye mlango wa kioo na kitambaa cha mahameli ya buluu.

Kesho yake, akifuta vumbi, Walburga aliona kitu kikitembea kwenye kunjo la mahameli. Akakibana kwa ukucha. Alipoinua kitambaa akakuta vidoa vyeusi kwenye pembe ya mbao, na kunguni wengine wamejibanza. Maji ya moto yangebandua gundi na rangi. Lililobaki lilikuwa jua. Akalitoa sanduku uani, akaufungua mlango wake.

"He! Mama Eliza!" Hilda, jirani yake, alikuwa amesimama kwenye mibuni na fungu la kuni kichwani. "Leo umemwanika Bikira?"

"Nampa hewa, Mama Lidia. Ndani kuna moshi."

"Mpe, mpe, asije akakohoa njiani!" Hilda akacheka. "Jioni ni zamu yangu. Nimeshaandaa kiti kando ya kitanda cha Lidia, karibu na mtoto kabisa. Kitoto chenyewe hata kitovu hakijadondoka. Alale naye, ambariki mjukuu wangu."

Walburga akaitikia kwa kichwa. Hilda alipoondoka, akakifunua tena kitambaa. Waliokuwa juu wamelikimbia jua, wamezama kwenye ufa ambao hata sindano haikuufikia.

Jioni jumuiya ikafika. "Tumsifu Yesu Kristo," alibisha Mzee Bernadi, mwenyekiti.

"Milele, amina. Shikamoo mzee."

Wimbo ukaanzishwa. Hilda akatandaza kanga mpya mikononi, akalipokea sanduku, akalikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Walburga alikuwa nyuma yake. Akamwona akivuka kizingiti, akavuka ua, akakaribia njia.

"Mama Lidia, usiende naye!"

Wimbo ukakatika.

"Kuna nini tena?" Hilda aligeuka.

"Humo ndani mna kunguni. Ni wangu. Nyumba nzima wamo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hapakuwa na aliyekosa kusikia. "Usimpeleke kwa mtoto."

Hilda akaliweka sanduku chini upesi, akarudi nyuma, akaikung'uta kanga. Mwanaume mmoja akajipangusa suruali. Mwanamke aliyekaa na Walburga benchi moja jana yake akaanza kujikuna shingo.

"Na mchana uliniambia moshi," Hilda alisema.



Mzee Bernadi alikohoa. Hakuwa mtu wa kufoka. "Umefanya vema kusema, Mama Eliza. Basi Mama yetu abaki hapa hapa kwako. Sisi tutasali hivyo hivyo. Na wewe na binti mpumzike kwanza, msije jumuiya mpaka nyumba ipone."

"Na vitambaa vya altare, mzee?"

"Navyo atafua mwingine kwanza."

Wakaondoka bila kuimba. Walburga akaliinua sanduku, akalirudisha mezani.

"Mama, hata mimi nisiende?" Eliza aliuliza. Alikuwa ameshavaa viatu.

"Hata wewe."

Ng'ambo ya mibuni rozari ikaanza. Walburga alisikia kitoto cha Lidia kikilia, kisha kikanyamaza kama kilichopewa ziwa. Akakaa kizingitini, mlango wazi nyuma yake. Ndani hakutaka kuingia, na nje hakuwa na pa kwenda.