Kumhamisha Baba

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa najibu "kompyuta", nao huniletea simu zilizoingia maji. Sina nguvu ya kuwaeleza zaidi. Ukweli ni kwamba naandika sehemu ndogo ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayogawa kumbukumbu ya mashine kwa programu nyingine zote. Nafanyia nyumbani, Kayanga, kwenye nyumba ya kupanga inayotazama barabara, na wenzangu wote wako nchi za mbali. Tunaandikiana. Kuna siku jua huzama sijatamka neno kwa sauti, isipokuwa kuitukana intaneti.

Wakati huo nilikuwa nahangaika na kuhamisha kurasa. Kumbukumbu ya mashine hugawanywa vipande vidogo vidogo, hizo ndizo kurasa, na zikiwa mbali na zinakohitajika kiini huzisogeza karibu. Ukurasa wa programu moja hausumbui. Balaa ni kurasa za mafaili. Faili likishasomwa kutoka kwenye diski, kiini hutunza nakala yake kwenye kumbukumbu, ili atakayelitaka tena asitumwe diski, ambako ni mbali na kuna uvivu. Basi ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kuwa unatazamwa na programu nyingi zisizojuana. Kabla ya kuusogeza unawatafuta wote wenye anwani yake. Mahali pa zamani unaweka alama: subiri, unahamishwa. Unanakili, unawaelekeza wote mahali papya, ndipo unaondoa alama. Na ukihesabu wanaoushikilia ukakuta kuna hata mmoja usiyemjua, unauacha palepale ulipo. Hiyo ndiyo sheria, na nimewahi kuwakaripia watu wazima kwa kuiruka.

Kisha nikaenda Kyerwa kumchukua baba.

Mama alikuwa ameshafariki, na baba amebaki peke yake kwenye kibanja chetu, ng'ambo ya Nkwenda, yeye na migomba yake. Niliwaambia ndugu zetu wanaoishi Rugera kwamba goti lake linamsumbua, kwamba kwangu hospitali iko karibu. Yote kweli. Ila sikuwaambia kubwa kuliko yote, kwamba mimi ndiye niliyekuwa namhitaji. Nilitaka mtu wa kukohoa chumba cha pili. Nilitaka kupika ndizi zinazozidi sahani moja.

Alikubali shingo upande. Asubuhi ya safari, dereva wa gari la kukodi akipiga honi na mimi nina kikao cha mtandaoni mchana, baba alisimama uani na fimbo yake akasema, "Ngoja nikawaage watu."

"Utawapigia simu, tata," nikamwambia. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikautia mfukoni, tukaondoka.

Hakupiga. Simu yake huishi imezimwa ndani ya mfuko wa koti, eti inatunza chaji. Na mimi sikumkumbusha, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Jioni ile tulikula pamoja, akalala, nikamsikia akikohoa, nikafurahi kama mtoto.

Kulipokucha nilimkuta amefungua mlango wa mbele wazi, amekaa kwenye kiti kinachotazama barabara. Niliufunga kwa sababu ya vumbi na mashine zangu. Akaufungua. Nikaufunga.

"Hapa anakusalimia nani?" akauliza.

"Watu wana kazi zao, tata."

Siku iliyofuata, asubuhi, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha baba, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyejiandaa. "Mwanetu, uko wapi? Kaa chini kwanza." Nyuma yake nilisikia wanawake wakilia.

Mzee jirani, ambaye kila asubuhi huja kusalimiana na baba na kutafuna naye punje za kahawa, alikuwa amekuta mlango umefungwa na jikoni hakuna moshi. Akarudi kesho yake, hali ileile. Akaita watu. Wakapiga simu ya baba, imezimwa. Wakavunja mlango, ndani hamna mtu. Vijana wakashuka bondeni kumtafuta kwenye kijito, wengine wakapekua migomba, na wanawake hawakungoja majibu. Namba yangu waliipata kwa ndugu wa Rugera, ambao hawakujua kama nimeshamchukua, nao walikuwa wameshaanza kutafuta usafiri wa kuja msibani.

Mganga hajigangi. Kazi yangu nzima ni kuwatafuta wanaomshikilia anayehama kabla hajahama. Baba yangu nilimng'oa bila kuacha hata alama mlangoni.

Nilimpa simu. "Ni mimi," akasema. Kukazuka kelele, vicheko, matusi ya mapenzi kwa Kinyambo. Simu ya kule ilipita mkono kwa mkono, kila mtu akitaka kumsikia mwenyewe kwa masikio yake, na kila mtu akimgombeza upya. Baba alikuwa anatabasamu. Tangu tumzike mama sikuwa nimeliona tabasamu lile. Aliporudisha simu alisema, "Nirudishe."

Nilikasirika. "Tata, watu wenyewe wamekuvunjia mlango!"

"Eeh," akasema, kwa majivuno kabisa. "Wameuvunja."

Nilibisha, nikaleta habari za goti, nikaleta hospitali. Alisikiliza mpaka nikamaliza maneno, kisha akaniuliza, taratibu, "Na wewe ukijifungia humu, nani atajua?"

"Wenzangu wa kazini wataandika," nikasema.

Hakucheka. Nilijua ninachosema. Kurasa zisizoguswa na mtu muda mrefu kiini hakihangaiki kuzihamisha. Kinazifuta, nafasi wanapewa wengine. Nilimwonea baba wivu, mzee mwenye goti bovu na mlango uliovunjwa.

Asubuhi ya kumrudisha, wakati nabeba mfuko wake, sikumwona. Nikamkuta duka la jirani, ambako nilikuwa nikinunua mkate bila kuvua spika za masikioni. Mwenye duka ni mama mtu mzima, Mwislamu, wazee wake walitokea Pwani. Alikuwa ameshampa baba shikamoo na kiti.

"Huyu ni mwanangu," baba akamwambia, akinionyesha kwa fimbo. "Anakaa nyumba hiyo. Usipomwona amefungua mlango asubuhi, gonga."

"Kumbe mna mtu mle!" akasema yule mama. "Wallahi mzee wangu, sisi tulijua stoo."

"Shikamoo mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba mwanangu. Nitagonga."

Nilisimama pale na umri wangu wote, nimekabidhiwa kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni, na sikujua nitazame wapi.

Baba yuko kwake. Mlango tumeweka mpya. Nyumba yangu imerudi kimya, na ni kimya kibaya zaidi kuliko cha kwanza, kwa sababu sasa chumba cha pili kina kitanda. Nilimaliza ile kazi ya kurasa, wenzangu wakaipokea kwa sentensi moja. Siku chache baadaye nikashikwa na homa. Kulikucha sikufungua mlango kama nilivyozoea tangu baba aondoke, nikabaki nimejifunika, nasikiliza barabara ikichangamka. Jua lilipanda.

Kisha mlango ukagongwa. "Hodi! Mwanangu, umo?"

Nilikuwa nimemsikia vizuri. Nikanyamaza kidogo, ili agonge tena.