Noti Chini ya Sahani

Mama mdogo alianza kuhudumia mezani mimi sijaota meno. Kazini walimwita Umeme kwa jinsi alivyopita na trei, ingawa mwendo ule haukuwa wa mbwembwe bali wa njaa. Mgahawa wake wa kwanza ulilipa mshahara wa kufutia machozi, na mwenye mali aliwaambia wahudumu bila haya, "Hela yenu wanayo wateja. Ifuateni." Kila mmoja alikula bakshishi yake, hivyo waliviziana mlangoni kama kunguru, na mteja mwenye viatu vizuri aligombewa kabla hajavuta kiti. Mpishi naye alikuwa na fungu lake: ukipata chochote, unamkatia kidogo na kukificha chini ya sahani chafu inayorudi jikoni. Ukijisahau, chakula cha meza yako kitatoka kimepoa. Wengine huuita huo ujanja wa mjini. Mimi nauita unyang'anyi: tajiri amekwepa kulipa mshahara, akawaacha maskini watafunane.

Mgahawa ule ulipofungwa, alipata kazi kwingine, kwa majaribio. Nyumbani tulimtegemea yeye, na wa kwanza nilikuwa mimi na ada yangu ya chuo. Siku ya kwanza tu alihudumia familia moja kubwa, wakamwachia noti nono. Akaitia mfukoni mwa aproni, akachomoa nyingine ndogo, akaikunja na kuiweka chini ya sahani. Akampelekea mpishi, huku akimkonyeza kidogo.

Mpishi, mwanamke wa sauti kubwa, aliinua sahani.

"Hii nini?"

"Chako, dada."

"Changu cha nini? Unataka niwapunje wenzako nyama nikujazie wewe?"

"Siyo hivyo, dada..."

"Na kinoti hiki ni mtoto. Mama yake yuko wapi?"

Mama mdogo akagusa mfuko. Hakujua kwamba pale bakshishi yote hutiwa kwenye kopo la kaunta, na kila mwisho wa juma hugawiwa sawa, kuanzia wahudumu hadi muosha vyombo. Nami nasema hiyo ndiyo haki, maana hakuna mteja anayefurahia chakula kwenye sahani chafu. Lakini kwa sheria za pale, noti iliyobaki mfukoni ilihesabiwa wizi, na mwizi alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Msimamizi aliitwa. "Vua aproni kwanza, ndipo tuongee."

Baadaye aliniambia, "Pale nilikuona wewe na begi lako, umerudishwa nyumbani."

Aliivua aproni, akaweka noti zote mbili juu ya meza. "Nilikotoka," alisema, "mpishi asipopewa, mteja wako anakula baridi. Nilidhani ndiyo adabu."

Mpishi akamkazia macho. "Kwani huko mpishi halipwi?"

"Analipwa kidogo."

"Na nyie?"

"Kidogo kuliko yeye."

Mzee muosha vyombo akaangua kicheko, povu likimtiririka viwikoni. "Mrudishieni aproni yake, jamani! Mwizi gani anakuletea ushahidi kwenye sahani?"

Jiko likacheka. Msimamizi alijitahidi kukaza uso, akashindwa. "Nani alimwonyesha kopo asubuhi?" aliuliza. Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia. "Basi tumekosa wote," akasema, akamrudishia aproni. "Twende nikuonyeshe mwenyewe."

Jioni Mama mdogo alifika nyumbani, akajibwaga kwenye kiti bila kuvua viatu wala kusalimia. Mama akatoka jikoni, mkono kifuani.

"Wamekufukuza?"

"Wamenibakiza, dada."

Mama akashusha pumzi ndefu. Kisha akamgombeza mpaka chakula kikaiva, kwamba mtu mwenye habari njema haingii ndani kama anayetoka msibani, na mimi nilicheka hadi nikafukuzwa kwenda kuteka maji.