Mkanda Hufungwa Penye Mfupa

Ingali mbele ya macho yangu ile Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Nilikuwa naanua nguo uani, hapa Galbet, niliposikia gari la Guled, mwanangu wa pekee. Tangu babake afariki, nyumba hii imezoea ukimya. Hupika chai ya watu wawili, kisha nikainywa yote peke yangu. Basi, wewe unayesoma haya, kadiria furaha yangu.

"Hooyo! Mama, njoo uone!"

Alikuwa ameng'oa mikanda ya kawaida ya viti vya gari na kuweka ile ya magari ya mashindano, inayopita mabega yote mawili. Rafiki yake alikuwa ameketi ndani, amefungwa kama mzigo, anatabasamu.

"Hata nikipinduka mara tatu, nitatoka na kofia kichwani," Guled akajigamba.

"Na kofia ikitoka na kichwa je?"

Tulicheka sote. Kisha nikainua zulia la nyuma. Boliti za mikanda zilikuwa zimepenya bati jembamba la sakafu, bila bamba la chuma chini yake; nilipovuta mkanda, bati likainuka pamoja nao.

"Hooyo, wewe ni mwalimu wa jiografia," alisema nilipomwonyesha. "Mambo ya gari niachie."

Nikamjibu kwa sauti ya darasani, rafiki yake akisikia: "Fundi wako amekuuzia jeneza." Guled akaondoka kurudi Habaswein, anakosafirisha abiria, chai ikiwa bado mezani. Tangu hapo hakupokea simu zangu. Kila gari lililopita lilinitoa hadi mlangoni.

Katika upweke huo nilimkumbuka ayeeyo, nyanya yangu. Nilipokuwa msichana, siku moja tukihama na mifugo, nilimfunga ngamia mzigo kwa pupa, na madumu ya maji yakamwagika njiani. Kiu ilikuwa mbele yetu, lakini ayeeyo hakupaza sauti. Alinivuta kando na kuniwekea kamba mkononi. "Umefunga tumbo, na tumbo hubonyea. Funga penye mfupa." Tukafunga upya, mikono yake juu ya yangu.

Wahenga walinena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli. Lakini mkuu asiyejua kunena, yeye pia huvunja moyo, na moyo uliovunjika hausikii.

Wiki kadhaa baadaye nilimpa dereva wa basi la Wajir, lipitalo Habaswein, barua hii:

"Guled mwanangu, gari nalo lina mifupa: ni chasisi yake. Tafuta fundi atakayeifunga mikanda hapo, kwa boliti nene na bamba la chuma. Akishindwa, rudisha mikanda iliyokuja na gari, maana ilipimwa pamoja nalo. Ule wa kiunoni ulale chini, juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Ukaze huo kwanza, ndipo ukaze ya mabega. Jizoeze kuifungua upesi. Ukiona nyuzi zimechakaa, usiuonee mkanda huruma; ubadilishe. Wala usimfunge mtoto mkanda wa mtu mzima.

Nilikuaibisha mbele ya mwenzako. Niwie radhi. Sikuandikii ili uje. Usipokuja kwangu, fika salama huko uendako. Mola akutangulie barabarani, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu aliyekuwa akikungoja."